Chupa za Wasichana wa Kikangani

Kampala,
8 Mei 1955

Shangazi yangu Bi Hamda,

Shikamoo. Nakusalimu kwa salamu za mwezi mtukufu, nikiomba barua hii ikukute na afya na saumu nyepesi. Mimi nafunga, alhamdulillahi, ila kufuturu kwa ndizi za kuponda siku kumi na tano mfululizo ni saumu ya pili. Baba ameniandikia kuwa mguu wa Bibi Ruqaya umepata nafuu na kwamba amekwisha anza kumgombeza kila mtu. Nimefurahi, maana Bibi akinyamaza ndipo pa kuogopa.

Sasa nina ombi, na najua utacheka kabla hujakubali. Profesa wetu amewachagua wanafunzi wawili wafanye uchunguzi wao wenyewe likizo ya Julai, nami ni mmoja wao. Nimechagua kichocho katika skuli za shamba Unguja. Wavulana si taabu, nitakwenda mwenyewe kwenye skuli yao iliyo jirani na yako. Taabu ni wasichana. Hakuna daktari aliyewahi kupata hesabu yao, na mimi nina shangazi ambaye ni mwalimu mkuu wa skuli yao. Nitakuletea chupa ndogo hamsini na saba, moja kwa kila mwanafunzi. Kila mtoto aijaze haja ndogo kati ya saa nne na saa nane mchana, wakati ambao mayai ya mdudu hutoka kwa wingi. Wewe uandike majina, uzipakie kwenye gari la shamba, nami nitazipokea mjini na darubini yangu ya kuazima ya kuonea vijidudu.

Tafadhali uwafundishe kwanza. Waambie kichocho ni mdudu wa kwenye maji ya mabonde na vijito, kwamba anayeona damu asiogope wala asifiche, na kwamba dawa ipo.

Uchunguzi huu ukifaulu utapigwa chapa katika jarida la madaktari, na mmoja wetu atapelekwa Uingereza mwaka mzima. Bila ya wasichana nitakuwa na nusu ya kazi, na nusu ya kazi mwenzangu pia anayo.

Mwanao,
Khelef Darwesh

———

Kikangani,
30 Mei 1955

Khelef mwanangu,

Marahaba, na Mungu akukuze ukue kuliko hivyo ulivyo. Sikukuu imepita salama. Nilikwenda mjini nikala kwa Bibi yako mpaka nikaona haya, halua kwa kahawa, kahawa kwa halua. Baba yako kanunua redio, na sasa nyumba nzima inakaa kimya jioni kana kwamba kuna msiba. Huku shamba mvua imekwisha, mabonde yamejaa, na Bi Mashavu, huyu mama mtu mzima anayekaa nami na kunipikia, anapanda mpunga wake na kurudi na matope hadi magotini.

Ama wewe! Mama yako alipofariki nilikupokea ukiwa na siku tisa. Nilikufunga winda, nikakufundisha alifu na be, nikakuvusha mpaka Kampala. Leo wanirudia kuniomba mikojo ya watoto wa watu.

Nimeanza kuwapima wazazi kwa mbali. Nilimtajia Bi Wanu, mama wa Kidawa. Kidawa huyu ndiye mwanafunzi wangu wa darasa la sita ninayemtarajia kuingia skuli ya juu ya mjini. Mtihani ni Novemba, na akifaulu atakuwa msichana wa kwanza wa kijiji hiki. Hesabu anafanya kichwani wenzake wakitafuta chaki. Basi mama yake kaniangalia akasema, “Bi Hamda, kinachotoka kwa mwanamke hakionwi na mwanamme, hata kikiwa chupani.” Wengine wanasema chupa hizo zikiangukia mikono mibaya watoto watarogwa. Sikuwacheka.

Lakini wewe ni wewe. Zilete chupa zako na mambo ya wanawake niachie mimi. Sharti moja: usije hapa mwenyewe. Ukionekana mlangoni pa skuli yangu na suruali yako ya Kampala, kesho yake nitamfundisha Bi Mashavu peke yake.

Shangazi yako,
Hamda

———

Kampala,
11 Septemba 1955

Shangazi yangu Bi Hamda,

Shikamoo, na ahsante isiyo na mwisho. Nimefika salama. Nilitapika tangu bandarini mpaka Mombasa, kisha treni ikanitengeneza. Niliwaacha wote nyumbani wazima.

Nina habari ambayo wewe ndiye wa kwanza kuipata baada ya Profesa. Wavulana nilipima tisini na tatu, na sitini na nne wana kichocho. Wasichana hamsini na saba, hata mmoja hana. Sifuri. Profesa alisimama kutoka kitini. Amesema maelezo yako wazi: wavulana wanaoga na kuogelea kwenye vijito, wasichana wanalelewa kwa sitara na hawaingii majini. Ameniamuru niandike haraka. Makala itaitwa kwa maneno mengi ya Kizungu, lakini maana yake ni kwamba malezi yenu yamewakinga watoto wa kike kuliko dawa yetu. Nimekutaja kwa jina katika shukrani.

Jambo jingine dogo, la kando. Nilipokuwa nyumbani nilikuona ukinywa maji sana mezani, gilasi kwa gilasi, na ukiamka kila mara. Nenda hospitali wakakupime sukari. Usicheke. Na halua ya Bibi ipunguze. Usiniulize nimejuaje, chukulia ni macho ya mwanafunzi wa udaktari anayeona maradhi kila mahali.

Mwanao mwenye furaha,
Khelef

———

Kikangani,
9 Oktoba 1955

Khelef mwanangu,

Marahaba. Tumefurahi kwa furaha yako. Bibi yako amewatangazia majirani wote kuwa mjukuu wake amegundua dawa. Nilimwambia hukugundua dawa, umegundua sifuri, akanijibu kwamba hata sifuri ya mtoto wa Darwesh ina thamani. Baba yako hajambo. Mimi pia sijambo. Kunywa maji ni kwa ajili ya joto la chaki, na halua sitaiacha kwa barua.

Skuli inaendelea. Nina mwanafunzi mmoja pungufu. Kidawa haji tena.

Wanasema amekua. Umri wake haujatimia miaka kumi na miwili. Mama yake amemweka ndani, somo wake, yule mama wa kumfunda unyago, amekwisha itwa, na mtoto hatoki hata uwani ila kwa kujifunika. Nilikwenda mara mbili nikaambiwa amelala. Mara ya tatu nilimwona. Amekonda, na rangi yake kama ya unga. Nilimpa kitabu cha hesabu, akakitia chini ya mkeka bila ya kukifungua, kwa sababu somo alikuwepo.

Mtihani umebakisha wiki sita.

Nataka kukuuliza kitu, maana mimi ni mwalimu wa skuli ya shamba na sijui taratibu zenu. Mtu akifanya uchunguzi kama wako, ukaandikwa, kisha ikaonekana mahali fulani kuna makosa, si ya huyo mtu mwenyewe labda, hufanywa nini? Hurekebishwa kwa siri au husemwa wazi? Na aliyeandika hupatwa na nini?

Nauliza tu. Jua ni kali, na Bi Mashavu anakusalimu. Yeye ameniambia neno moja kuhusu Kidawa ambalo limeninyima usingizi, lakini acha kwanza nilitafakari.

Shangazi yako,
Hamda

———

Kampala,
27 Novemba 1955

Shangazi yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa na mitihani, kisha homa, kisha mitihani ya waliokuwa na homa. Namwombea Bibi afya njema, na redio ya Baba pia, maana nasikia imeshaharibika.

Makala imekubaliwa. Itatoka mwezi wa Januari. Profesa alipeleka nakala ya mwanzo Unguja, na nimeambiwa kuwa kwa kuwa dawa iliyopo ni chache na sindano zake ni ghali na nyingi, imeamuliwa skuli za wavulana ndizo zipewe. Ni jambo la maana, dawa isiende bure kwa wasioihitaji. Kuhusu Uingereza, jina langu liko juu.

Swali lako ni la hekima, lakini ni refu kujibu kwa barua. Kwa kawaida uchunguzi hauharibiki kwa mtu mmoja au wawili. Usijisumbue na hayo.

Nasikitika kwa Kidawa. Lakini hayo ni mambo ya wazee wake, na wewe mwenyewe ulinifundisha nisiingie mila za watu. Labda mwaka ujao atatokea mwingine kama yeye.

Umekwenda kupima sukari? Hukunijibu.

Khelef

———

Kikangani,
11 Desemba 1955

Khelef,

Leo sitakuandikia habari za nyumbani. Wote wazima, na hayo yatosha.

Bi Mashavu aliniambia hivi: “Mtoto alianza kutoka damu Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, na mpaka leo hajakauka siku hata moja. Hedhi gani hiyo isiyokuwa na mwisho? Miye nna wajukuu wanaume watatu wenye kichocho, nnakijua.” Nilikwenda kwa dresa wa kituo cha afya, nikamkuta anawachoma sindano wavulana waliojipanga mpaka barabarani. Nikamwambia nina msichana. Akasema kwa adabu kabisa, “Bi Hamda, sisi tumeletewa waraka. Daktari keshapima, wasichana hawana.” Kisha akanionyesha jina la daktari. Lilikuwa jina lako, na chini yake langu.

Wasichana hawakupimwa. Ulizopima zilikuwa zangu.

Siku ile nilifundisha somo lako neno kwa neno, nikagawa chupa. Kesho yake zikarudi tupu. Moja ilikuwa na mafuta ya nazi, mwenyewe akaniambia mama amesema hii inafaa zaidi. Bi Wanu na wenzake walinijia uwanjani wakasema nisiwadai tena jambo hilo. Na wewe ulikuwa mjini unangoja na darubini ya watu. Niliiona Uingereza yako ikiondoka. Nikajifungia chooni siku mbili na birika la maji ya kunywa na chupa zako, nikazijaza moja moja, nikazimua kwa maji pale ilipobidi, nikaandika majina ya watoto wa watu juu ya uchafu wangu. Nilicheka peke yangu mle ndani, Khelef. Nilijiona mjanja.

Nikakaa nikifikiri kwamba hakuna aliyedhurika. Kama watoto ni wazima, nimesema kweli kwa njia ya mkato. Na mabonde yote haya ya mpunga nayaona kila siku. Bi Mashavu anarudi na matope magotini, na wasichana wangu nyuma yake, na wanafua hapo hapo. Nilikuandikia mwenyewe habari za matope hayo. Uliposema wasichana hawaingii majini nilisoma mara mbili, nikakunja barua.

Haya bado si makubwa. Kubwa ni hili.

Chupa moja ilirudi kama ulivyotaka. Kidawa alikuja adhuhuri, ameifunga ndani ya kanga, akanipa kwa mikono miwili. Ilikuwa nyekundu. Angekuwa mvulana ningejua papo hapo. Kwa msichana akili yangu ilikwenda njia iliyozoea kwenda. Nikasema maskini, amevunja ungo na hajui, na kitu hiki kitakwenda kuonwa na wanaume. Nikaimwaga, nikaiosha, nikaijaza kama zile nyingine. Kisha nikamwita mama yake pembeni nikamnong'oneza ampeleke kwa somo. Mimi ndiye niliyemwambia. Nilidhani namsitiri.

Mtihani umepita. Sasa kuna posa, kutoka kwa jamaa zao wa Matemwe, kijana mmoja jina lake Usi. Machano, baba wa Kidawa, ameipokea. Ndoa ni Mfunguo Mosi, mara tu baada ya Ramadhani ijayo.

Nimekwenda kumwambia Machano kwamba mtoto ni mgonjwa, hakukua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Mwalimu, we ndiwe uliyesema kakua. Leo wasema hakukua. Daktari wa kwenu kasema wasichana wazima, we wasema wagonjwa. Tukushike kwa lipi?”

Jibu la Machano unalo wewe. Waandikie hao wakubwa wako kwamba makala ni batili, na kwamba aliyeibatilisha ni mimi. Niandike mimi tu. Sema ulidanganywa, na ndiyo kweli.

Hamda

———

Kampala,
19 Februari 1956

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo wiki saba. Nilikuwa naitoa mfukoni kila siku na kuirudisha, na kila nilipoirudisha nilijua Kidawa yuko wapi na yuko vipi. Makala ilitoka wakati huo. Nilipongezwa. Nilikula keki.

Umesema niandike kuwa nilidanganywa. Siwezi, kwa sababu si kweli.

Siku ile ilipofika shehena yako nilipima kwa darubini kama inavyotakiwa. Halafu, kwa mazoea tu ya maabara, nikachukua chupa moja nikaichemsha na dawa ya buluu tunayopimia sukari. Ikageuka rangi ya tofali. Nikachukua ya pili, ikawa vilevile. Nilichemsha ishirini. Watoto wa kijiji kizima hawawi na maradhi ya sukari wote kwa siku moja, Shangazi. Nikajua zimetoka kwa mtu mmoja, na usiku ule ulipokuja mjini, mezani kwa Bibi, nikakuona unavyokunywa maji nikamjua mtu mwenyewe.

Ningeweza kukuuliza kesho yake asubuhi. Tulikaa kibarazani pamoja, ukanimenyea chungwa. Sikukuuliza, kwa kuwa ungenijibu. Nikaandika sifuri hamsini na saba, na nilipofika huku nikakuandikia upunguze halua. Hiyo ndiyo ilikuwa dhamiri yangu yote. Nilijifanya nakulinda wewe na aibu. Nilikuwa nailinda safari.

Na ulipouliza mwezi wa Oktoba kosa hufanywaje, nilielewa tangu mstari wa kwanza. Nilikujibu Novemba ili mtihani uwe umepita na jambo liwe limekwisha lenyewe. Sikujua habari ya chupa ya Kidawa. Sidhani kama ningeijua ningefanya tofauti, na hilo ndilo ninaloona uchungu kuliko yote.

Jumatatu nilikwenda kwa Profesa nikamweleza yote, ya kwako na ya kwangu. Hakupiga kelele. Alifungua dirisha, akanitaka nirudie polepole huku akiandika. Makala itafutwa kwa tangazo katika jarida lenyewe, nafasi ya Uingereza amepewa mwenzangu, nami nitarudia mwaka kama nikikubaliwa kubaki. Ameandika Unguja leo kwamba wasichana wapimwe upya, na aende muuguzi mwanamke. Nimemwomba pia barua ya kumpokea Kidawa hospitali mjini, nimeiambatisha. Baba nimemwandikia, chumba changu kitupu, akae humo na mama yake.

Siombi unisamehe sasa. Nenda kwa Machano na barua hiyo ya Profesa.

Khelef

———

Unguja Mjini,
22 Aprili 1956

Khelef mwanangu,

Marahaba. Ramadhani imetukuta sote tu wazima kwa kiasi chetu. Bibi yako anafunga kwa ubishi, daktari amemkataza. Baba yako alinuna wiki mbili baada ya kupata barua yako, kisha juzi alinunua bahasha, kwa hiyo atakuandikia. Mimi nilipimwa. Ni kama ulivyosema. Sili tena halua, na nakuambia bila ya mzaha kwamba hiyo ni adhabu ndogo mno.

Muuguzi alikuja Kikangani mwezi uliopita, Bi Mwanapili, mwanamke wa makamo, ameshuka kwenye gari la shamba na kapu lake. Alikaa na kina mama jikoni kwa Bi Wanu, akanywa chai, akawaambia atakayeona ni yeye peke yake na darubini ataitia ndani ya chumba cha skuli na mlango afunge. Wakaleta. Siku ile ile, wote. Hawakukataa kupimwa kamwe, walikataa kuonwa na wanaume, na mimi niliyekaa nao miaka sita sikuwahi kuwauliza kama mwanamke akija itakuwaje. Nilikuwa nimeshaamua wao hawafahamu. Wasichana thelathini na tisa wanacho. Dawa imeagizwa, inasemekana itafika Juni.

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Hawajanijibu. Wazazi hawajui bado, na nitawaambia mwenyewe baada ya sikukuu, uwanjani, pale pale waliponijia.

Kidawa yuko hapa, chumbani mwako. Barua ya Profesa ilimtoa kijijini, lakini haikumbadilisha Machano kama tulivyotarajia. Aliisoma kwa kusomewa, akaniambia, “Nimekubali, mgonjwa. Akatibiwe. Lakini posa ya watu nshaila, na mtoto keshatawa ndani mbele ya kijiji kizima. Nikimrejesha skuli ntasema nini, kwamba sisi hatujui wanetu? Mpeni sindano zenu. Akipona, ataolewa.” Nilisema mengi. Nilimlilia, Khelef, mimi. Akaniangalia kwa huruma, ambayo ilinichoma kuliko lau angenifukuza.

Sindano anapigwa ya mshipani, siku moja ndiyo siku moja siyo. Zinamtapisha. Hata hivyo rangi imemrudi, damu imepungua, na amepata nguvu ya kukaa kitini. Amevikuta vitabu vyako vya zamani kwenye kasha. Anafanya hesabu zako za darasa la nane na kuzisahihisha mahali ulipokosea. Ni pengi.

Kwa muda mrefu hakusema nami ila naam na hapana. Juzi mama yake alipokwenda kuswali, nikamwomba radhi. Nilimweleza chupa yake niliifanya nini. Alisikiliza, akasema, “Ulitwambia mwenye kuona damu asifiche. Nkaona wenzangu wote wanaficha. Nikakuletea wewe, Bi Hamda, sikumpelekea mama.” Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananieleza tu, kama anayeonyesha njia ya hesabu.

Nikamuuliza kama kuna kitu anachotaka, chochote nilicho na uwezo nacho, nitamletea. Akaangalia mlango kama mama yake hajarudi, akaniambia kwa sauti ndogo:

“Waambie sindano zisiishe.”

Nilimjibu kuwa daktari ndiye anayepanga, zilikuwa kumi na mbili tangu mwanzo. Akatikisa kichwa kwamba amefahamu, akarudi kwenye daftari.

Zimebaki nne.

Shangazi yako,
Hamda